KITABU KILIPOPANDA NGAMIA
Kisomo katika nyika ya Garissa mpaka Mandera, na deni letu sisi wa Pwani

Kila nchi na chombo chake. Sisi wa Pwani tuliletewa vitabu na majahazi. Misahafu iliyopigwa chapa Bombay na Cairo ilishuka bandarini pamoja na tende na mabusati, ikaingia misikitini na majumbani, na watoto wetu wakaifungua bila ya kujiuliza imefikaje. Lakini hebu, msomaji, jiulize: mahali ambapo hapana bahari wala reli, na njia ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, kitabu hufikaje?

Jawabu la swali hilo lilitolewa mjini Garissa mwaka 1996. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, maktaba ya Garissa iliyo chini ya Huduma ya Maktaba ya Taifa la Kenya ilitia vitabu katika masanduku, ikayafunga masanduku hayo juu ya ngamia, ikatoka kuwafuata wasomaji badala ya kuwangoja waje. Walikuwa ngamia watatu tu. Mmoja alichukua masanduku mawili ya vitabu, moja kila ubavu ili mzigo usiyumbe. Wa pili alichukua hema. Wa tatu alikuwa wa vyombo vilivyosalia na wa akiba, asaa mwenzake akichoka njiani. Pamoja nao walikwenda mkutubi na wachungaji wanaojua tabia ya mnyama yule, maana ngamia si gari. Akikasirika hapana ufunguo wa kumzima.

Msafara ulipofika kituoni, aghalabu penye shule au penye kijiji cha wafugaji, hema lilikitwa, mikeka ikatandikwa, vitabu vikapangwa. Sanduku moja lilichukua vitabu 200 hivi, kwa hiyo msafara mmoja ulikuwa na vitabu kama 400. Msomaji alichagua alichokipenda, akaandikiwa, akaondoka nacho kwa siku 14 mpaka msafara utakaporudi. Kilikuwa ni kitu kidogo mbele ya macho ya mtu wa Nairobi aliyezoea kuona rafu zimejaa. Lakini kwa mtoto ambaye hajapata kushika kitabu isipokuwa kile cha mwalimu, ambacho husomwa na watu watano kwa pamoja huku mmoja wao akikisoma juu chini, lile hema lilikuwa dunia.

KWA NINI NGAMIA

Wako waliocheka. Walisema: ulimwengu unakwenda mbele, na hawa wanarudi nyuma kwenye usafiri wa babu zao! Waliocheka hawakuijua nchi ile. Gari lahitaji petroli, na petroli ina bei. Gari lahitaji fundi na vipuri, na vipuri viko mbali. Mvua zikinyesha gari hukwama siku nzima. Ngamia hanywi petroli, naye hubeba hata kilo 200, hupita kwenye mchanga ambako gurudumu huzama, na huweza kukaa siku kadhaa bila ya maji. Tena mchungaji akimwona ngamia anakuja hashtuki. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi gari la serikali lilileta askari, mgeni aliyekuja juu ya ngamia alikuwa mgeni mwenye heshima.

Jambo hilo ndilo linalofaa kuzingatiwa zaidi kuliko hesabu ya vitabu. Nyumba ya Msomali mfugaji, iliyofanywa kwa vijiti vilivyopindwa na mikeka, hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia pale malisho yanapokwisha. Nyumba yenyewe huhama. Basi mtu ambaye nyumba yake huhama, utamjengeaje maktaba ya mawe kisha ukamlaumu kwamba haji kusoma? Maktaba ya ngamia ilimfuata mtu katika maisha yake kama yalivyo. Kazi ikapanuka kutoka Garissa mpaka Wajir, na ngamia wakaongezeka kutoka watatu wakafika 12.

Wala fikira hii si ya Kenya peke yake. Huko Colombia, Amerika ya Kusini, mwalimu mmoja aitwaye Luis Soriano alianza katika miaka ya 1990 kupeleka vitabu vijijini juu ya punda wawili. Zimbabwe, katika wilaya ya Nkayi, mikokoteni ya punda imechukua vitabu mpaka mashuleni. Kila mmoja ameutazama wenzo alio nao nyumbani kwake, akautumia. Mwenye busara hangoji jahazi penye nchi kavu.

HESABU INAYOTISHA

Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa taifa zima juu ya kisomo cha watu wazima, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2007. Ilionekana kwamba katika Kenya nzima watu wazima 61.5 kwa kila 100 walijua kusoma na kuandika. Nairobi walikuwa 87.1 kwa kila 100. Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, walikuwa 8 tu kwa kila 100.

Isome tena hesabu hiyo, msomaji. Katika watu wazima 100 waliokusanyika kisimani kunywesha mifugo, 92 hawakuweza kusoma barua ya mtoto wao aliye Nairobi, wala karatasi ya dawa, wala hati ya shamba, wala tangazo la serikali linalowahusu wao wenyewe. Mtu asiyejua kusoma huishi kwa kumwamini anayemsomea. Akisomewa kweli, salama. Akisomewa uongo, ameuza asichokijua na ametia kidole gumba katika jambo ambalo akili yake haikuliridhia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Je, watu hawa ni wavivu wa elimu? Hapana. Atakayesema hivyo hakutazama walikotoka.

YALE YA 1965

Nchi ile iliitwa zamani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mwaka 1926 Waingereza waliifanya kuwa nchi iliyofungwa: mtu hakuingia wala hakutoka bila ya ruhusa. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza mafundo juu ya fundo. Serikali ya kikoloni iliitazama nchi ile kama ukuta wa kuzuia jirani, na ukuta hausomeshwi. Uhuru ulipokuja mwezi wa Desemba 1963, mkoa huo ulitangaziwa hali ya hatari mwezi ule ule, kukawa na vita vya Shifta mpaka 1967, na sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa Mandera siku bendera ya Kenya ilipopandishwa alifikia umri wa miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria sawa na mwenzake wa Mombasa au Kisumu.

Na kuna mwaka mmoja ambao yafaa tuukumbuke pekee: 1965. Mwaka huo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba ya taifa, ili vitabu viwafikie wananchi wote. Na mwaka huo huo serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ambao ulisema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapoleta faida zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na njia za usafiri. Mkono mmoja uliahidi kitabu kwa kila mtu, na mkono wa pili ukaandika kwamba mwenye ukame angoje. Tangu ahadi ile ya 1965 mpaka ngamia wa kwanza aliyebeba vitabu kutoka Garissa ni miaka 31.

UBAO WA DUGSI NA UBAO WA CHUO

Hata hivyo, si kweli kwamba nyika ile haikujua herufi. Hapa ndipo sisi wa Pwani tunapotakiwa kusikiliza kwa makini, kwa sababu habari hii ni yetu pia.

Wasomali wana dugsi, nasi tuna chuo. Vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa Mandera hukaa mbele ya maalim na ubao wake, akaandika aya kwa wino uliotengenezwa kwa makaa, akaikariri mpaka ikaingia moyoni, kisha ubao ukaoshwa akaanza nyingine. Watu wakihama, maalim huhama nao. Dugsi hufanyika jioni penye mwanga wa moto, mifugo ikiwa zizini. Hivyo basi kabla ya serikali yoyote kufikiri juu ya shule ya kuhamahama, dugsi ilikuwa inahamahama. Nani miongoni mwetu aliyepita chuoni Mombasa, Malindi au Lamu asiyemtambua mtoto huyo? Ubao ni ule ule, fimbo ya mwalimu ni ile ile, na hofu ya Ijumaa kumalizika ni ile ile.

Kisha tujiulize: mtu aliyehitimu dugsi, anayeusoma Msahafu wote tangu Alhamdu mpaka mwisho, na anayeweza kuandika jina lake na la baba yake kwa herufi za Kiarabu, ni sawa kumwita asiyejua kusoma? Swali hili liliwapata wazee wetu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kizungu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wake wa kunakili misahafu na kuipamba. Mwana Kupona, mke wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na hakwenda kumtafuta mwanamume wa kumfundisha namna ya kutunga. Kisha ikaja serikali ya kikoloni na shule zake, na baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 Kiswahili sanifu kikasimama juu ya herufi za Kizungu. Mzee aliyelala akiwa mwanachuoni aliamka, mbele ya karani wa serikali, akiwa mtu wa kutia kidole gumba.

Sisemi herufi za Kizungu zitupwe. Hata gazeti hili unalisoma kwa herufi hizo. Nasema kwamba mtu hafundishwi vyema kwa kudharauliwa kile anachokijua. Aliyezoea kutambua herufi, kunyamaza akisikiliza, na kurudia mpaka aelewe, amekwisha kuvuka nusu ya mto. Kuna Waislamu waliolijua hili mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa na baadaye Kadhi Mkuu, alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, ili watu wapate mawaidha na habari za dunia kwa lugha yao. Hakuona kwamba kusoma gazeti kunapingana na kusoma Msahafu. Aliona kwamba mjinga wa dunia humtia hasara hata mwenye dini.

Serikali nayo ilichelewa lakini imeanza kulitambua jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilianzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama, na shule za kuhamahama zikawa miongoni mwa njia zinazotambuliwa. Njia iliyo karibu zaidi ni kumfuata mtoto kwenye dugsi, asubuhi au jioni, na kumwongezea alifabeti ya pili bila ya kumnyang'anya ya kwanza.

LUGHA ILIYOPATA HATI JANA

Liko zito jingine. Kisomali, lugha ya mashairi ambayo mchungaji wake huweza kuwa na diwani nzima kifuani, hakikuwa na hati moja iliyokubaliwa na wote mpaka mwaka 1972, serikali ya Mogadishu ilipoamua kitaandikwa kwa herufi za Kilatini. Kabla ya hapo wasomi walishindana: wengine walitaka herufi za Kiarabu, wengine za Kilatini, na wengine walitaka zile zilizobuniwa na Osman Yusuf Kenadid yapata mwaka 1920. Uamuzi ulipopita, mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1974 shule za sekondari za Somalia zilifungwa, na wanafunzi pamoja na walimu wapatao 25,000 wakapelekwa mashambani na malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma lugha yao wenyewe. Ukame mkali ukawakuta huko huko, lakini watu wengi walijifunza.

Mandera iliyatazama hayo kwa karibu sana. Mji huo uko pembeni kabisa mwa Kenya, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, mahali Kenya, Ethiopia na Somalia zinapokutana. Ng'ambo ya Mto Dawa ni Ethiopia. Na mtu akitembea kidogo tu amefika Bula Hawa, Somalia. Mtoto wa upande wa pili alikuwa akifundishwa kusoma lugha ya mama yake, na binamu yake wa Mandera akifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza, lugha mbili ambazo hakuzisikia nyumbani. Na Mandera wako pia Wagarre, ambao baadhi yao nyumbani husema lugha iliyo karibu na Kiborana. Mtoto kama huyo hufika shule ya msingi akiwa na lugha yake, Kiarabu cha dugsi, na lugha mbili mpya mbele yake. Akishindwa mtihani, huambiwa hana akili. Ningependa kumwona mtahini mwenyewe akifanya mtihani wake kwa lugha nne!

Kwa hiyo vitabu vinavyopelekwa kule visiwe vile tu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa Nairobi, vyenye picha za treni na theluji. Viwepo vya Kisomali, viwepo vya Kiswahili chepesi, viwepo vyenye ngamia na kisima na mwezi wa Ramadhani ndani yake. Mtoto husoma kwa hamu pale anapojiona kitabuni.

MWALIMU ANAPOUAWA

Mpaka hapa tumesema juu ya vitabu. Lakini kitabu bila ya mwalimu ni sanduku lililofungwa, na habari ya walimu wa Mandera haisemeki bila ya moyo kuuma.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na watu wenye silaha. Abiria waliotambuliwa kuwa si Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Walikuwa wametoka kuwafundisha watoto wa Kiislamu kusoma, na wakauawa na watu waliodai kuusemea Uislamu. Tarehe 2 Aprili 2015 ikafuata Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Januari 2020, huko Kamuthe katika Garissa, walimu watatu waliuawa, na Tume ya Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaunti hizo tatu. Mwalimu gani angelaumiwa kwa kuondoka? Lakini watoto walibaki, na darasa likabaki na ubao mtupu.

Aliyepeleka risasi katika basi la walimu alijua alichokifanya. Mtu asiyejua kusoma humwamini anayemsomea, kama tulivyosema. Na mwenye kutaka kuwasomea watu uongo hana adui mkubwa kuliko mwalimu.

Lakini tusimalize habari hii kwa wauaji. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, safari hii likienda Mandera, lilivamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike, wasitambulikane. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu kutoka Mandera, Salah Farah, Mwislamu, aliyesimama kuwalinda wenzake akapigwa risasi. Alifariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016, na baada ya kifo chake Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani ya taifa. Kisa cha basi hilo kilifanywa filamu fupi mwaka 2017, ikaitwa Watu Wote, nayo ikafika mpaka kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani mwaka 2018.

Kwangu mimi, mwalimu huyo alitoa somo moja la mwisho, na hakulihitaji kitabu. Ila itakuwa aibu yetu kama watoto aliowaacha nyuma watakosa vitabu.

KITABU CHA MTIHANI NA KITABU CHA KUSOMA

Yapo yaliyotendwa, na mwenye haki hayafichi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bure. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya masomo moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka mashuleni, kwa nia kwamba kila mwanafunzi awe na kitabu chake. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini kitabu cha mtihani si kitabu cha kusoma. Cha mtihani hufungwa siku mtihani unapokwisha. Mwanafunzi hukirudisha kama mfungwa anavyorudisha nguo za jela. Kitabu cha kusoma ni kile ambacho mtu hukifungua bila ya kuamrishwa: hadithi, safari, habari za wanyama, maisha ya Masahaba, namna ya kutibu mbuzi. Hicho ndicho kilichokuwa katika masanduku ya ngamia. Na hicho ndicho kilicho adimu, kwa maana bei yake ni kubwa na sheria yenyewe haikukihurumia: Sheria ya Kodi ya mwaka 2013 ilitia vitabu kodi ya asilimia 16.

Tena kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi ya maktaba kwa kaunti. Ukiifungua ile jedwali ya nne, utaona maktaba zimetajwa katika orodha moja na kamari, pombe na sinema. Zimekaa baada ya maonyesho ya video na kabla ya makumbusho. Labda ni bahati mbaya ya mpangilio tu. Lakini hofu ni kwamba wakubwa nao wameziweka moyoni mwao mahali hapo hapo. Mwananchi wa Mandera, wa Garissa, wa Lamu au wa Kilifi ana haki ya kumwuliza mwakilishi wake katika bunge la kaunti: katika makadirio ya mwaka huu, maktaba imepewa shilingi ngapi? Swali hilo halihitaji elimu ya juu, na mwenye kuulizwa hana budi kulijibu.

WAKFU WA VITABU

Sasa nirudi kwetu. Mto Tana unaopita Garissa ndio huo unaomwaga maji yake baharini kule Kipini. Wasomali wamekaa Pwani tangu zamani, na lugha na damu zimechanganyika kutoka Kiunga mpaka Mombasa. Hatuwezi kusema kisomo cha Mandera ni jambo la watu wengine.

Sisi pia tunayo mila iliyolala, nayo ni wakfu wa vitabu. Zamani mtu akinakili kitabu au akikinunua kwa taabu, aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ni wakfu, hakiuzwi wala harithishwi mtu, ni cha msikiti fulani au cha wanafunzi wa mahali fulani. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla Nairobi haijawa na maktaba yake kubwa, Mombasa ilikuwa na maktaba ya umma na chumba cha kusomea bure, ikiitwa kwa jina la Seif bin Salim. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Basi tusiambiwe kwamba maktaba ni mila ya kigeni.

Leo tunachimba visima kwa ajili ya marehemu wetu, tunajenga misikiti, tunafuturisha. Hayo yote ni heri. Lakini sira inatusimulia kwamba baada ya Vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa walikombolewa kwa kila mmoja kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na dhiki ya mali siku hizo, naye akaikubali kalamu badala ya dhahabu. Kama kalamu ilikuwa na thamani ya roho ya mateka, haikosi kuwa na thamani ya sadaka.

Hivyo shauri langu ni jepesi. Kila msikiti wetu mkubwa una sanduku la sadaka. Uwe pia na sanduku la vitabu. Kitabu ambacho mwanao amekimaliza, kisiliwe na mchwa kabatini. Chuo cha Lamu kiandikiane na dugsi ya Mandera. Mabasi ya Garissa huondoka Mombasa yakiwa na mizigo ya kila namna. Furushi moja la vitabu halitalivunja basi. Huko Garissa wako wanaojua jinsi ya kukifikisha mbele, kwa lori, kwa gari dogo, au kwa yule mnyama aliyefanya kazi hiyo tangu 1996 bila ya kuomba posho.

Neno la kwanza kuteremshwa lilikuwa amri ya kusoma, na aliyeamriwa alikuwa hajui kusoma, tena akiwa pangoni, mbali na mji. Haikungojwa kwanza mpaka ajengewe jumba. Basi na mtoto aliyeko chini ya mgunga karibu na Mto Dawa asingojeshwe zaidi. Amekwisha kungoja vya kutosha.